Tawdry: neno lililochomoka kwenye jina la mtakatifu

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Ninafasiri hadithi ya Kiingereza na nimekwama kwenye neno moja, tawdry. Mwandishi analitumia kwanza kwa mapazia ya ukumbi wa dansi, na kurasa chache mbele analitumia tena kwa mapenzi ya siri ya mwenye ukumbi. Kamusi niliyo nayo inasema 'enye madoido lakini hafifu'. Kwa mapazia sawa, kwa mapenzi halikai. Mwenzangu mmoja kazini ananiambia neno hili ni ndugu wa gaudy, mwingine anasema limetokana na jina la mtu. Yupi yuko sahihi? Na linatamkwaje?"

Marahaba. Huyo wa pili ndiye aliyepatia. Tawdry ni jina la mwanamke, tena mwanamke asiyekuwa na habari kabisa na madoido: malkia aliyeacha ikulu akawa mtawa, aliyevaa sufu tupu hadi kufa kwake, na aliyejuta kitandani kwamba alipokuwa msichana alipenda mno vidani. Watu wakalichukua jina lake wakauitia utepe wa shingoni. Utepe ukashuka hadhi, jina likashuka nao. Nitakupitisha kwenye safari hiyo taratibu, kwa sababu ukishaijua, zile tafsiri mbili zinazokusumbua zitakuja zenyewe.

Tummalize kwanza huyo gaudy, yaani "enye kung'ara kupita kiasi", maana hana mengi. Linatokana na gaud, neno ambalo katika Kiingereza cha Zama za Kati lilikuwa pambo, kichezeo, na pia ule ushanga mkubwa wa rozari unaotenganisha mafungu ya ushanga mdogo. Kwa kawaida asili yake huelekezwa kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kufurahi. Kwa hiyo gaudy na tawdry hayana damu moja. Ni majirani tu waliokaa mtaa mmoja muda mrefu, wakafanana sauti na maana mpaka wageni wakawadhania ndugu. Mwenzako asione haya. Hata wenyeji wa lugha huwachanganya.

Sasa mwanamke mwenyewe. Aliitwa Æthelthryth. Usitishwe na herufi hizo. Ni jina la Kiingereza cha kale lenye vipande viwili: æthel, yaani "-a ukoo bora", na thryth, yaani "nguvu". Waandishi wa Kilatini walililainisha likawa Etheldreda, na vinywa vya watu wa kawaida, karne baada ya karne, vikalisaga likawa Audrey. Baba yake alikuwa Anna, mfalme wa East Anglia, upande wa mashariki wa Uingereza. (Naam, Anna huyo alikuwa mwanamume.) Binti aliozwa mara mbili. Mume wa kwanza, Tondberht, alifariki muda mfupi baada ya ndoa. Wa pili alikuwa Ecgfrith, aliyekuja kuwa mfalme wa Northumbria kaskazini, na kwake alikaa miaka 12.

Habari zake tunazipata kwa Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati malkia huyu anafariki. Bede anasema miaka yote hiyo ya ndoa alibaki bikira, na anaongeza jambo linalonifurahisha kila ninapolisoma: alipoona kuna watu hawasadiki, alimwendea Askofu Wilfrid mwenyewe akamuuliza. Wilfrid akamjibu kwamba ana hakika kamili, kwa sababu Ecgfrith alimwahidi yeye mashamba na fedha nyingi iwapo angemshawishi malkia akubali kuwa mke kweli. Hakushawishika. Mwishowe mume akamwachia, akaenda kuwa mtawa Coldingham, na mnamo mwaka 673 akaanzisha monasteri yake mwenyewe huko Ely.

Ely wakati ule ilikuwa kisiwa cha nchi kavu kilichozungukwa na mabwawa na matope. Bede anasema jina lake linatokana na wingi wa mikunga waliovuliwa humo. Nasema mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Huko malkia wa zamani aliishi maisha magumu ya hiari. Hakuvaa kitani, alivaa sufu tu. Maji ya moto aliyaoga kwa nadra, karibu na sikukuu kubwa, na hata hapo alitangulia kuwaogesha watawa wenzake, yeye akaoga wa mwisho.

Mwaka 679 akapata uvimbe mkubwa chini ya taya. Tabibu aliyeitwa Cynefrith aliupasua ili usaha utoke. Kwa siku mbili akaonekana kupata nafuu, watu wakaanza kutumaini, na siku ya tatu maumivu yakarudi, akafa. Ila kabla ya kufa aliufurahia ugonjwa ule. Maneno yake, kama Bede anavyoyapokeza, ni kwamba anajua anastahili kubeba mzigo huu shingoni, maana hapo hapo shingoni, alipokuwa msichana, alibeba mzigo usio na maana wa vidani. Na sasa, badala ya dhahabu na lulu, panatokeza wekundu na moto wa uvimbe. Baada ya miaka 16, mwaka 695, dada yake Seaxburh, aliyerithi uongozi wa monasteri, aliamuru mifupa ifukuliwe ihamishiwe kanisani. Wakaukuta mwili mzima haujaoza, na Cynefrith, aliyekuwapo tena, akashuhudia kwamba lile donda aliloliacha wazi sasa limefumba, pamebaki alama nyembamba tu.

Shika hayo mawili, shingo na vidani. Mengine yote yanafuata hapo.

Ely ikawa mahali pa hija. Wadenmark waliichoma karne ya 9, ikajengwa upya karne ya 10, na mwaka 1083 Wanormani wakaanza lile kanisa kuu ambalo hadi leo linaonekana kutoka mbali juu ya tambarare. Palipo na mahujaji pana wachuuzi, hilo halihitaji mtaalamu. Mfalme Henry I aliwapa watawa haki ya kufanya gulio la kila mwaka kwa jina la mtakatifu wao, gulio la siku saba lililozunguka tarehe 23 Juni, siku aliyofariki. Pana pia siku yake ya pili katika kalenda, tarehe 17 Oktoba, kumbukumbu ya kuhamishwa mwili. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji cha mbali hakutaka kurudi mikono mitupu. Na kitu kilichohusishwa zaidi na Mtakatifu Audrey kilikuwa kamba nyembamba ya hariri, yenye rangi, ya kuvaa shingoni.

Kwa Kiingereza kamba hiyo iliitwa lace. Hapa wafasiri wengi huteleza, kwa sababu sisi tumeshalichukua neno hilo likawa lesi, ile ya matundumatundu wanayoshona magauni ya harusi. Lesi ya namna hiyo ni maana iliyokuja baadaye. Lace ya awali ni kamba au ugwe, kama kamba ya viatu, na mzizi wake ni Kilatini laqueus, maana yake kitanzi. Kwa hiyo usimwone msichana wa karne ya 16 akiwa na kola ya matundu. Mwone na ugwe wa hariri uliozunguka shingo.

Kwa nini ugwe huo uliitwa wa Audrey? Kuna maelezo mawili. La kwanza ni la soko: uliuzwa kwenye gulio lake, basi. La pili linatoka kwa Nicholas Harpsfield, padri msomi wa karne ya 16 aliyeandika historia ya Kanisa la Uingereza kwa Kilatini. Yeye anasimulia kisa cha uvimbe, kisha anasema wanawake wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuvaa shingoni mkufu wa hariri laini, na huenda walifanya hivyo kwa ukumbusho wa kisa hicho. Watu hupenda kuyapambanisha maelezo haya mawili. Mimi sioni ugomvi. Mchuuzi anajua kuuza kile ambacho hadithi imeshakitangaza. Kama kisa cha mtakatifu kiko shingoni, hutauza pete.

Tuje kwenye sauti, maana huko ndiko t ilikotoka. Saint Audrey's lace, yaani utepe wa Mtakatifu Audrey. Sema haraka. Neno saint likitangulia jina halina mkazo, linamung'unywa, na t yake ya mwisho inakutana na irabu ya Audrey. Sikio haliwezi tena kuamua t ni ya nani. Ikahama. Saint Audrey ikawa sain' Taudrey, halafu sain' yenyewe ikadondoka, na s ya umiliki ikamezwa na l ya lace. Kilichobaki ni tawdry lace. Katikati ya karne ya 16 ndipo tunapoanza kuikuta kwenye maandishi.

Haya si mazingaombwe yaliyotokea mara moja tu. London, upande wa kusini wa daraja la zamani, kulikuwa na kanisa la Mtakatifu Olave, ambaye ni Olaf mfalme wa Norway. Barabara iliyopita hapo leo inaitwa Tooley Street, na t yake ni ile ile ya saint. Kitoto cha nguruwe kilicho kidogo kuliko wenzake wote kiliitwa tantony, kutoka Saint Anthony. Nje ya watakatifu, Kiingereza kimefanya mchezo huo na n ya kibainishi chake cha umoja, an: nyoka aliyeitwa nædre akapokonywa n akawa adder, kitambaa cha kiunoni kilichoitwa napron kikawa apron, na kinyume chake ekename, yaani jina la nyongeza, likaiba n likawa nickname. Chungwa nalo limo. Kiajemi nārang, Kiarabu nāranj, na Kiswahili chetu bado kina narinji yenye n yake timilifu. Kiingereza kina orange. N iliangukia njiani huko Italia na Ufaransa kabla tunda halijavuka bahari kwenda Uingereza.

Usidhani sisi tumesalimika. Wanaokucheka ukiwaambia tawdry ni Saint Audrey, waulize kwa nini tunasema Alhamisi. Hiyo "al" ni kibainishi cha Kiarabu kilichomezwa na jina la siku, pamoja na wenzake alasiri na alfajiri. Mfano ninaoupenda zaidi ni madigadi ya gari. Ilikuja kama neno moja la Kiingereza, mudguard, la umoja. Sikio la Kiswahili likasikia "ma-", likaamua haya ni mengi, na moja lake likapewa jina digadi. Kipilefti cha barabarani kilikuwa amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto. Kilipoanza na "ki-", wingi ukawa vipilefti bila kuulizana. Kitabu kilikuja na k ya mzizi wake wa Kiarabu, tukaivua kama nguo ya kuazima, tukapata vitabu. Wakati na waraka, vyote vya Kiarabu, vimepata nyakati na nyaraka, kana kwamba ni ndugu wa wayo na nyayo. Kila lugha hukata neno la mgeni pale sikio lake linapozoea kukata. Waingereza walikata Saint Audrey kabla ya t, nasi tulikata mudguard baada ya ma. Kisu ni kile kile.

Hadi hapa hakuna tusi. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote, kwa sababu kamusi nyingi hurukia moja kwa moja kwenye uhafifu, kana kwamba utepe ule ulizaliwa hafifu. Haukuwa hivyo. Edmund Spenser, katika mashairi yake ya wachungaji ya mwaka 1579, anawaambia mabinti wajifunge kiunoni tawdry lace ili wapendeze zaidi, na pale wanajiandaa kumlaki malkia. Huwezi kumwambia mtu ajipambe kwa takataka mbele ya malkia. Miaka 30 hivi baadaye Shakespeare anamweka msichana wa kijijini, Mopsa, katika tamthilia ya The Winter's Tale, akimkumbusha mpenzi wake kwamba alimwahidi tawdry lace na jozi ya glovu zenye manukato. Kwa Mopsa hiyo ni zawadi ya kutamaniwa, kama mtu wetu angemkumbusha mchumba wake juu ya hereni na khanga mpya.

Ila angalia Shakespeare amemweka nani jukwaani kuuza vitu hivyo. Mchuuzi wa tamthilia hiyo, Autolycus, ni tapeli na mwizi wa mifukoni. Mopsa anaota utepe, watazamaji mjini London wanacheka. Sentensi ile moja, kwenye kinywa cha msichana, ni sifa. Kwenye sikio la mtazamaji imeanza kunuka ushamba. Neno halijageuka, lakini tayari lina wasikilizaji wa aina mbili.

Kati ya hapo na miaka ya 1670 likamaliza kuanguka. Lace ikadondoka, tawdry ikabaki peke yake, kwanza kama nomino, kisha kama kivumishi, na kivumishi hicho kilizaliwa kikiwa kimekunja uso. Samuel Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1755 anaitaja asili ya Mtakatifu Audrey na gulio lake, halafu anatoa maana ambayo sijaona iliyoishinda: yenye kung'ara bila gharama, maridadi bila haiba, ya kujionyesha bila ustadi. Anaongeza kwamba hutumika kwa vitu na kwa watu wanaovivaa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayouma. Dharau ilishahama kutoka kwenye utepe ikapanda hadi kwenye shingo.

Sababu za anguko ni zaidi ya moja, nami nitakupa ninazoziamini. Ya kwanza ni kwamba jina lilipoteza mwenyewe. Henry VIII alizifunga monasteri. Ya Ely ilisalimishwa mwaka 1539, na mwaka 1541 Askofu Thomas Goodrich akaamuru makaburi ya kuhijiwa na sanamu za watakatifu viharibiwe. Ukiingia leo katika kikanisa cha Bikira Maria ndani ya kanisa kuu la Ely utaona safu za sanamu ndogo zilizokatwa vichwa. Kaburi la Audrey lilivunjwa. Ukumbusho usipokuwa na anayekumbukwa, unabaki uzi tu. Tena kwa Waprotestanti wakali uzi ule ulinuka mambo mawili wasiyoyapenda, ibada ya watakatifu na kujipamba.

Ya pili ni bei. Kitu kinachouzwa kwenye gulio kwa kila apitaye hakiwezi kubaki cha wachache, na kikishakuwa cha wote, wenye nacho hutafuta kingine. Hilo tumeliona kwetu na merikani. Karne ya 19 nguo ile ngumu ya pamba isiyopaushwa ililetwa Unguja na meli kutoka Salem, Massachusetts, na wenyeji wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka. Ilikuwa nguo ya heshima, ikapanda bara na misafara ikawa sawa na fedha mkononi. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vikakata ugavi, viwanda vya kwingine vikaiga, jina likabaki pale pale hata pale nguo ilipokuwa haijawahi kuiona Marekani. Kisha khanga na vitambaa vingine vikaingia, na merikani ikateremka mpaka ikawa nguo ya mtu asiyekuwa na cha kuchagua. Bahati ya merikani ni kwamba halikuwahi kuwa kivumishi. Hakuna anayesema "tabia ya kimerikani" akimaanisha ya hovyo.

Na hapo ndipo ninapogombana kidogo na wenzangu wanaosema vitu vya gulioni "viliharibika ubora", yakaishia hapo. Huenda viliharibika. Lakini kivumishi cha dharau hutungwa na anayetazama, na wauzaji na wanunuzi wa gulio la Ely si waliotuachia maandishi. Tawdry katika maana yake ya leo ni maoni ya watu wa mjini juu ya wasichana wa kijijini waliojinunulia rangi kidogo ya shingoni. Ukilifasiri, kumbuka kwamba lina pua iliyoinuliwa.

Niongeze jambo moja nje ya swali. Kiingereza kina kivumishi kingine kilichotoka kwa mtakatifu mwanamke kwa njia hiyo hiyo ya kusagwa: maudlin, mtu anayelialia ovyo, hasa akiwa amelewa. Huyo ni Maria Magdalena, aliyechorwa akitoa machozi mara nyingi kiasi kwamba jina lake likageuka kilio. Mmoja alijuta vidani akawa jina la vidani vibaya, mwingine alitubu akawa jina la machozi ya ulevini.

Sasa mapenzi ya mwenye ukumbi. Baada ya Johnson neno lilipiga hatua moja zaidi. Kitu kinachong'aa nje na hakina thamani ndani si lazima kiwe cha kushikika. Kinaweza kuwa mkataba, kampeni ya uchaguzi, uhusiano wa siri. Siku hizi, ukisoma magazeti ya Kiingereza, utakuta tawdry limekaa kando ya skendo mara nyingi pengine kuliko kando ya nguo. Katika matumizi hayo mng'aro umefifia na kilichobaki mbele ni uduni na aibu: jambo dogo, chafu kidogo, lisilo hata na ukubwa wa kuitwa dhambi kubwa. Kwa hiyo ni neno lile lile moja, na mwandishi wako amelirudia kwa makusudi. Anataka msomaji aone kwamba mapenzi yale na mapazia yale yamenunuliwa duka moja.

Ndiyo maana nakushauri usitafute neno moja la Kiswahili la kubandika kila mahali. "Rahisi" linakwenda kwenye bei na pia kwenye wepesi, litamchanganya msomaji. "Bandia" na "feki" yanasema kitu kimeigizwa, na pazia tawdry linaweza kuwa pazia halali kabisa, ila halina staha. "Baya" halina mng'aro. Kwa mapazia ningeandika "mapazia ya kumetameta, urembo wa chee", au kwa lugha ya mtaani zaidi, "mapazia ya mbwembwe za bei poa". Chee lina ile dharau ya mtazamaji ndani yake, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kwa mapenzi, beba kitu kimoja kutoka kwenye mapazia ukipeleke huko, ili mwangwi wa mwandishi usipotee. Ukiandika "mapenzi ya chee" msomaji atakumbuka pazia mara moja, na aibu ataielewa bila kuambiwa. Ukiona ni fupi mno, waswahili walishatutengenezea: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kile kikopo cha mti kilichochongwa na kutiwa nakshi. Nje maua, ndani mti. Sikushauri uiweke methali nzima kwenye kinywa cha msimulizi Mwingereza, itamvalisha kanzu. Lakini "mapenzi ya mkakasi" yaweza kupita kwa mhusika anayesengenya, kama hadithi yako inaye.

Matamshi hayana shida. Mkazo uko mwanzoni, na ile "aw" ni o ndefu: toodri, silabi mbili. Ukisahau, litamke jina Audrey kama Waingereza wanavyolitamka, kisha lianze na t.